Kuta Zisizofika Bati

Naomba radhi mapema kwa mwandiko huu na kwa herufi nilizokosea. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika mara chache. Naandika polepole, sentensi moja naweza kukaa nayo mpaka chai ikapoa. Lakini kusimulia kwa mdomo ndiyo siwezi kabisa. Watu wakinitazama koo hufunga. Kwa hiyo yaliyotupata katika nyumba yetu wakati wa korona nimeona niyaandike.

Nyumba yenyewe ipo Lindi mjini, upande wa chini, ambako mvua kubwa ikinyesha maji huja kwetu kwanza. Ni nyumba ya kupanga kama nyingine za mtaa ule: mlango wa mbele, korido ndefu ya giza, vyumba kulia na kushoto, halafu uwani penye choo kimoja, bafu moja na majiko ya mkaa ya wapangaji. Chumba cha mbele anakaa mama mwenye nyumba. Chake kina dari, kina dirisha kubwa na choo cha ndani. Vyetu havina dari. Kuta zimepanda kupita kichwa cha mtu mrefu, zikaachwa hapo, na kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mtupu. Wanasema marehemu mume wa mwenye nyumba aliishiwa tofali, akasema atamalizia mwakani. Ukilala chali unaona mabati ya nyumba nzima, na unasikia kila mtu anavyogeuka kitandani.

Tulizoea. Anayeishi kwenye nyumba kama ile hujifunza kusikia na kukaa kama hakusikia. Mke na mume wakigombana chumba cha pili, sisi tunaendelea kula. Kitu kimoja tu hakikupitiwa kimya, nacho ni kikohozi. Mtu akikohoa, anayesikia, hata awe chumba cha mbali, anasema, "Pole." Aliyekohoa anajibu juu ya ukuta, "Nishapoa." Hata wale waliokuwa hawasemeshani kwa ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo walipeana pole. Mimi ninayeona haya kumsalimia mtu uso kwa uso, juu ya ukuta nilitoa pole kama wengine, kwa kuwa hakuna aliyeniona.

Nilikuwa nakaa na shangazi, dada wa marehemu baba. Ananiita "baba" kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Alitoka Mtama zamani, akawa anafua na kupiga pasi nguo za watu, na nilipomaliza shule akanichukua nimsaidie. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuwasha mkaa wa pasi, na kuzichukua nguo kwa wenyewe na kuzirudisha.

Korona ilipokuja, gari la matangazo lilipita mtaani na kipaza sauti juu. Sauti ilisema mwenye dalili akae chumbani kwake peke yake, atumie choo chake, asikaribiane na wenzake. Wanawake walikuwa uwani wanapika. Mmoja wao, muuza mihogo ya kukaanga, akaacha kugeuza mihogo akasikiliza mpaka mwisho.

"Choo changu ni kipi?" akauliza. "Nimepewa lini, na nyie mmenificha?"

"Ni kile chenye foleni," shangazi akamjibu.

"Basi nipisheni. Mnanichakazia choo changu."

Wakacheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka.

Mama mwenye nyumba hakucheka. Mtaa wa nyuma walikuwa wamezika mtu, na watu wakaanza kuizunguka nyumba ile, hawapiti mbele yake. Akasimama katikati ya korido, akasema kwa sauti ya kutosha vyumba vyote, "Nyumba yangu haitaitwa nyumba ya korona. Nitakayemsikia anakohoa afungashe. Sitamuuliza kama ni vumbi."

Tulidhani ni maneno tu. Chumba cha kwanza kushoto alikaa dada mmoja na mtoto mchanga. Alikuwa anachambua dagaa wakavu wa kuuza, na vumbi lake linakereketa. Asubuhi moja akakohoa. Nikafungua mdomo niseme pole, nikasikia nyumba nzima iko kimya, nikaufunga. Hakuna aliyesema. Yeye mwenyewe akasema, taratibu, "Ni dagaa, jamani." Bado hakuna aliyesema. Kabla ya mchana godoro lake lilikuwa barazani, mtoto kalazwa juu yake, na yeye anapiga simu kwao Mchinga kuuliza kama watampokea. Niliporudi kuteka maji baraza lilikuwa tupu. Alipata gari gani, au kama alipata, sijui mpaka leo.

Baada ya siku ile nyumba ikaanza kumeza vikohozi vyake.

Wateja wetu wakubwa walikuwa kule juu mlimani, nyumba yenye geti la chuma na miti ya maua. Wakati ule dada wa kazi hakuniruhusu kuingia. Alikuwa ameweka mfuko wa nguo nje ya geti, amevaa glavu na barakoa, amesimama mbali.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Chukua hapo hapo, usije. Mzee wa humu ana homa kidogo."

Geti lilikuwa wazi kiasi. Niliona veranda, mlango umefungwa, na kando yake kigoda chenye sahani iliyofunikwa. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukachukua sahani, ukarudi ndani. Sikuona mtu, niliona mkono. Halafu kimya. Hakuna redio, hakuna mtoto, hakuna kikohozi kilichotoka mle. Yule mzee alikuwa akifanya sawasawa na lile gari la matangazo lilivyosema. Chumba chake, choo chake, dirisha lake. Alipona. Nguo zake tulizifua sisi, na shangazi alizifua kwa mikono mitupu, kwa sababu glavu alivaa yule aliyetupa mfuko.

Siwezi kusema ndizo zilizomletea. Sokoni nako kulikuwa na watu, na msikitini, na kisimani. Ninachojua ni kwamba siku chache baadaye shangazi alishika meza ya pasi kwa mikono miwili, akanitazama, na macho yake yakajaa machozi kwa kuzuia kifua. Akaninong'oneza, "Baba, ongeza redio."

Nikaongeza. Akakohoa ndani ya mto.

Tukawa tunaishi hivyo. Akinyanyua mkono, naongeza sauti, akiushusha, napunguza. Akisikika tu, tumetoka. Na tukitoka, hapakuwa na pa kwenda. Nyumba ya babu Mtama ilikwisha anguka, na hakuna dereva ambaye angempakia mtu anayekohoa vile. Nilikuwa nakaa na kidole kwenye kitufe cha redio kama mlinzi.

Kisha redio ya chumba cha pili ikapanda. Nikafikiri wanasikiliza mpira. Halafu ya muuza mihogo. Halafu ya chumba cha mwisho, jirani yetu wa ukuta mmoja. Haukupita muda kila chumba kikawa na redio yake, kila moja na kituo chake: mawaidha, mpira, taarabu, matangazo ya sabuni, vyote vinapanda juu ya kuta na kukutana kwenye bati. Ukipita koridoni hukusikia neno moja likakamilika. Milango yote imefungwa. Na hakuna hata mmoja aliyelalamika kuwa mwenzake anapiga kelele. Hapo ndipo nilipojua, na nadhani kila mtu alijua. Mama mwenye nyumba alikuwa anatoka, anasimama gizani katikati ya korido, ameinamisha kichwa kama anayemsikilizia panya. Kisha anarudi kwake.

Kitu kimoja kilitusumbua. Kwetu ikiadhiniwa redio hupunguzwa. Hilo halina mjadala, hata mlevi hupunguza. Kwa hiyo kila adhana ilipoanza, redio zote zilishuka pamoja, na nyumba nzima ikazuia pumzi. Nilikuwa namtazama shangazi anavyouma upindo wa kanga yake, mishipa ya shingo imesimama, na najua nyuma ya kila ukuta kuna mwingine anauma kanga yake. Muadhini wetu ana sauti nzuri ya kuvuta. Sikuwahi kutamani afupishe mpaka wakati ule. Akimaliza, redio zinaruka juu zote kwa pamoja.

Jirani wa chumba cha mwisho alikuwa fundi viatu, mtu wa makamo, kwao Kikole huko Kilwa. Anakaa peke yake. Mtu wa utani. Mimi alikuwa akiniita "bwana harusi" kwa sababu ya haya zangu, akisema siku ya ndoa yangu itabidi kadhi aje chumbani. Kiatu changu cha kushoto alikishona mara nyingi bila kunidai. Yeye ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote kupunguza redio. Muadhini akikohoa tu kwenye kipaza sauti kabla hajaanza, fundi kashapunguza.

Siku moja adhana ya alasiri iliingia, redio zote zikashuka, ya fundi haikushuka. Ikaendelea na matangazo ya biashara katikati ya adhana. Shangazi akanitazama. Nikamtazama. Halafu akaitumia nafasi ile, akakohoa, kikohozi kirefu ambacho alikuwa amekizuia tangu adhana ianze. Nikasikia na wengine wanakohoa, huku na kule, chini ya redio ya fundi.

Magharibi ikawa vile vile. Isha vile vile. Alfajiri redio yake ilikuwa inaongea. Ilikuwa kituo kile kile tangu jana, na fundi hakuwa mtu wa kukaa na kituo kimoja. Uwani mtu mmoja alisema, "Fundi siku hizi hana adabu." Muuza mihogo akasema, "Mwacheni, ana mawazo." Hakuna aliyegonga mlango wake. Nadhani tulishukuru. Tulikuwa tumepata mtu wa kutufunika hata kwenye adhana, na kila mmoja aliona kuwa fundi anajificha kama sisi, ila yeye zaidi.

Umeme ulikatika asubuhi ile, jua limeshapanda.

Redio zetu zilikuwa za kuchomeka ukutani. Zote zikafa kwa pamoja. Nilisikia bati likilia kwa joto, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa siku nyingi. Nikamsikia nzi. Kila mtu alizuia. Nilimwona shangazi akijaribu, akatikisa kichwa, akashindwa, kikamtoka.

Ikawa kama kimewafungulia wengine mlango. Chumba cha pili wakakohoa, mwanamume na mwanamke, kwa kupokezana. Kwa muuza mihogo wakakohoa watoto, vidogo vidogo, kisha yeye mwenyewe. Chumba cha kwanza kushoto, ambacho alishaingia mpangaji mpya bila sisi kumwona, tukadhani bado ni kitupu, mtu alikohoa. Vikohozi vilipanda juu ya kuta vikazunguka kwenye bati, hata ukawa hujui kipi ni cha nani. Nikasikia mlango wa mbele unafunguka na kandambili za mama mwenye nyumba zinakuja.

"Nani huyo?" akasema. "Nani? Nani hu—"

Akashika ukuta, akakohoa, akakohoa mpaka akachuchumaa.

Alipotulia, wote tulitulia. Tulikuwa tumesikilizana hadharani. Kisha muuza mihogo, sauti yake imekwaruza, akasema kutoka chumbani kwake, "Fundi mbona kimya?"

Ni kweli. Kutoka chumba cha mwisho hakikutoka kitu.

Mama mwenye nyumba akagonga. "Hodi. Fundi, hodi." Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Akanigeukia mimi niliyekuwa nimetoa kichwa mlangoni. "Bwana mdogo, wewe ni mwembamba. Panda ukuta."

Nikaweka meza ya pasi juu ya kitanda, nikapanda. Nikashika juu ya ukuta, nikajivuta, nikakaa pale kama mtu aliyepanda mkorosho. Nilikuwa sijawahi kuwa juu mle. Vyumba vyote vilikuwa wazi chini yangu kama maboksi yaliyotolewa vifuniko. Chumba cha pili wamejifunika blanketi moja wanajifukiza, mvuke unatoka pembeni. Muuza mihogo kakaa kitandani, watoto kawageuza kila mmoja aangalie ukuta wake. Chumba cha kwanza kijana nisiyemjua amekumbatia mto. Mmoja mmoja wakainua nyuso wakanitazama. Sijawahi kutazamwa na watu wengi vile, na sijui kwa nini sikuanguka.

Nikatazama upande wa fundi. Alikuwa amelala ubavu, ameipa redio uso, mkono ameunyoosha kuelekea kitufe.

"Yupo?" mama mwenye nyumba akauliza kutoka koridoni.

Niliutazama tena ule mkono.

"Bwana mdogo. Yupo?"

"Yupo, mama."

"Amelala?"

Sikujibu. Wakanisubiri. Kisha muuza mihogo akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na chumba cha pili wakasema, na kijana wa chumba cha kwanza, na shangazi chini ya miguu yangu, kila mmoja kwa wakati wake. Ilikuwa sauti ya kwanza tuliyopeana juu ya ukuta tangu gonjwa lianze.

Watu wa afya walikuja na mavazi meupe. Walipuliza dawa koridoni kwa pampu ya kubeba mgongoni, kama ile ya kupulizia mikorosho, na harufu yake ikaingia kila chumba bila kupitia mlango. Walimchukua fundi. Aliswaliwa na watu wachache waliosimama mbalimbali. Kwetu walituambia asitoke mtu, kila mmoja akae chumbani kwake. Kijana mmoja kati yao alitazama juu, kwenye uwazi, akashusha macho, akanikuta namtazama. Akamalizia maelezo yake kwa haraka.

Kufukuza kukawa hakuna tena. Mama mwenye nyumba angemfukuza nani, amwache nani. Lakini shangazi alizidiwa. Midomo yake ikawa ya rangi ya majivu. Nikamwambia mama mwenye nyumba, na yale ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu mzima, "Mama, chumba chako kina dari na dirisha. Hiki chetu joto la watu wote linashukia hapa."

Akageuka akautazama mlango wake. Akasema, "Mlete. Mimi nitalala uwani, ndani naona joto." Akaburuta godoro lake mwenyewe, anakohoa, hataki nimsaidie.

Basi shangazi akawa na chumba chake na choo chake. Nikamwekea uji mlangoni juu ya kigoda, nikaufunika. Na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Kwetu usiku na mchana nilijua yu hai kwa sababu nilimsikia, hata kwa kikohozi kile tulichokuwa tunakificha. Sasa mlango ule ulikuwa mzito, na juu kuna dari, na hakikutoka kitu. Nilikaa koridoni sikio kwenye ubao. Nilisikia damu yangu mwenyewe tu. Nikamkumbuka yule mzee wa mlimani na mkono wake. Nilikuwa namwonea wivu, sikuwaza kuwa pengine nje ya mlango wake nako kulikuwa na mtu anayesikiliza hivi.

Kikombe kikitoka kitupu, nilijua. Asubuhi moja uji ulikuwa umeganda pale pale, haujaguswa. Nikaita, "Shangazi." Nikaita tena. Nikatoka nje nikazunguka kwenye dirisha, nikitembea taratibu kwa sababu sikutaka kufika.

Alikuwa amekaa juu ya kiti, paji la uso limeegemea nondo za dirisha, pale upepo unapoingia. Macho yamefumba. Nikasimama. Sikuthubutu kugusa. Kisha kope zikatikisika, akafungua macho akanitazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta ni nani.

"Baba," akasema. "Uji wa jana ulikuwa hauna sukari. Leo sili."

Nikakaa chini palepale kwenye mchanga.

Shangazi anapiga pasi mpaka leo, ila akipanda mlima hupumzika njiani. Nyumba ni ile ile. Wapangaji wapya wapo chumba cha fundi. Redio zinapigwa kwa kiasi, na adhana ikiingia zinashuka, na mimi kila mara nahesabu kwa masikio kama zote zimeshuka.

Mwaka huu mama mwenye nyumba ametuita barazani. Anataka kuinua kuta zifike bati na kuweka dari kila chumba, ili gonjwa jingine likija kila mtu awe na hewa yake. Kodi itapanda, na chumba cha pili wameshasema hawataweza, watahama kwenda kwenye nyumba nyingine isiyo na dari. Muuza mihogo anataka dari, ana watoto. Shangazi hataki. Anasema fundi angekuwa na kuta za kufika juu tungejua amekufa kwa harufu tu. Muuza mihogo akamjibu kwamba fundi angekuwa na kuta hizo pengine asingeugua. Waligombana, kisha wakanigeukia mimi, eti niliyekaa juu ya ukuta niseme. Nilishindwa kusema. Bado nashindwa, na mwenye nyumba anataka jibu kabla ya msimu wa korosho.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama umewahi kuishi kwenye nyumba kama yetu, au umehama kutoka humo ukaenda penye dari, niandikie. Niambie usiku ukiwa unaumwa mle ndani ulisikia nini. Usijali mwandiko.